Ngazi Mia Nne Tisini na Nane

Siku ya tatu ya upelelezi ilianza vibaya. Ivo Malaguti alikunywa kahawa mbili akimsubiri mtu wake atoke nyumbani, na mpelelezi wa kufuata watu kwa miguu hatakiwi kunywa hata moja. Miaka ishirini na mitano kwenye kazi hii, na somo hilo bado halijamwingia.

Kesi ilikuwa ya Mama Desolina Zanarini, mjane mwenye duka la tambi mtaa wa San Vitale. Jumatatu alipanda hadi ofisini kwa Ivo, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Ofisi hiyo iko juu ya duka la miavuli. Sasa, kuuza miavuli Bologna ni sawa na kuuza maji mtoni: mji mzima una baraza za matao, mtu anatoka kwake mpaka kazini mvua isimguse hata kisigino. Ndiyo maana duka halina wateja na chumba cha juu pango lake ni nafuu. Mama Desolina aliegemea meza, akaona mguu mmoja mfupi wa meza hiyo umewekewa kitabu kinene, akainama kidogo kusoma jina la kitabu ubavuni. Kisha akasema lililomleta.

Binti yake Loretta anaolewa Jumamosi. Bwana harusi ni Tiziano Bergonzoni, kijana wa miaka thelathini, msaidizi katika ofisi ya hati, msomi wa sheria wa chuo kikuu hiki hiki. Kwa hiyo anaitwa dottore, yaani daktari, kama huku anavyoitwa kila aliyehitimu chuo hata kama hajawahi kushika sindano, na kadi za harusi zilishachapwa na cheo hicho kwa herufi za dhahabu. Tatizo ni moja. Kila Alhamisi mchana kijana anasema yuko kazini, na mama anayefagia ofisi ile kasema Alhamisi mchana hufungwa.

"Mwizi naweza kumsamehe," alisema Mama Desolina. "Mlevi nitamfungia jikoni mpaka azindukane. Muongo hali mezani kwangu. Nataka jibu Jumatano jioni. Nikijua kuna uongo, Alhamisi asubuhi naenda kwa padri na harusi hakuna."

Ujira ungekuwa ule wa kawaida, na juu yake kilo mbili za tortellini alizokunja kwa mkono wake mwenyewe, vile vifundo vidogo vya unga vyenye nyama ndani ambavyo watu wa Bologna huvila kwenye supu na kuapa kwavyo. Kwa hizo tortellini peke yake Ivo angemfuata mtu mpaka Sisilia kwa magoti. Hakusema hivyo, bila shaka. Alikunja uso akasema atafikiria.

Siku mbili hakupata kitu. Tiziano alikwenda kazini, akarudi, akasalimia wazee, akasalimia mbwa. Lakini Jumatano alipewa ruhusa kazini ili amtembeze Shangazi Iride, shangazi yake Mama Desolina, bibi wa miaka sabini na minane aliyefika na treni kutoka Trieste kwa ajili ya harusi. Ivo alifurahi. Alikuwa na imani yake kwamba ofisini mtu hujificha, kitandani hujificha, lakini mpe siku nzima ya kuzurura na kula na bibi kizee na atajianika mwenyewe kama nguo.

Walianza saa tatu asubuhi. Shangazi Iride alikuwa mdogo wa umbo, ana fimbo ya kutembelea na mkoba mkubwa kuliko kifua chake. Alikunywa kahawa akala maandazi mawili ya krimu, akaingia kanisa la San Petronio kutazama mstari ulio sakafuni, ambao mwale wa jua huugusa kila adhuhuri. Akaambiwa jua litafika pale saa sita mchana. Akasema Trieste jua haliwekewi miadi, akatoka.

Nje ndipo Ivo alipopata fununu ya kwanza. Shangazi alitaka kuona chemchemi ya Neptuno, iliyoko ng'ambo ya uwanja mkubwa, akanyoosha kupita katikati, fimbo ikigonga mawe. Tiziano hakufuatana naye. Alisema jambo, akazunguka kwa pembeni, upande wa baraza, kwa mwendo wa haraka wa mtu asiyetaka kuonekana ana haraka. Wakakutana ng'ambo. Ivo naye alizunguka kwa upande wa pili, njia yake ya siku zote, na ilimbidi akimbie kidogo ili asiachwe. Akatoa daftari akaandika: Saa nne na robo. Amekwepa katikati ya uwanja. Kuna nini katikati?

Katikati kulikuwa na njiwa, na mwanamke wa makamo mwenye kikapu cha maua ya violeti na midomo iliyopakwa rangi nyekundu. Ivo aliutazama mdomo ule akatikisa kichwa, kama mtu aliyekwisha maliza kazi. Akamwita kwa mkono. Mwanamke akamwita naye kwa mkono, aje yeye. Ivo hakusogea. Wakapungiana hivyo kwa muda, mpaka mwenye maua akaona biashara ni biashara, akaja mwenyewe hadi pembeni akinung'unika kwamba siku hizi wateja wana miguu ya mayai.

"Yule kijana wa koti la kahawia, unamfahamu?" akauliza Ivo.

"Kwa sura."

"Mna jambo naye?"

Mwanamke akamkagua kuanzia kofia hadi viatu. "Mimi nina jambo na violeti, kaka. Huyo mwaka wa kumi na moja namwona anapita kandokando kama paka aliyeona maji. Wapo wengi wa aina yake. Vijana kwa watu wazima." Aliposema watu wazima alimkazia macho. "Chukua fungu, umpelekee mkeo."

Ivo hakuwa na mke. Alinunua hata hivyo, maana anayeuliza bila kununua hukumbukwa, na tangu hapo alitembea siku nzima na fungu la violeti mkononi, mtu mzima wa miaka hamsini na mitano, watu wakimtazama kwa huruma.

Baadaye wakaingia vichochoro vya sokoni, na huko ndiko upelelezi ulikogeuka kuwa mateso. Shangazi Iride alionja mortadela, akasema imekatwa nyembamba mno, akakatiwa nene. Alionja jibini ya miaka miwili na jibini ya miaka mitatu, kisha akarudia ya miaka miwili ili kuwa na hakika. Alionja mkate wa mafuta. Ivo, hatua kumi nyuma, alilazimika kusimama kwenye kila duka walilotoka, na Bologna mtu haruhusiwi kusimama dukani bila kutiwa kitu kinywani. Muuza jibini mmoja alimuuliza kama ana msiba. Kufikia adhuhuri alikuwa amelegeza mkanda matundu mawili, na daftarini mlikuwa na madoa ya mafuta mengi kuliko maneno.

Chakula cha mchana walikula katika mgahawa mmoja nyuma ya soko. Ivo akachukua meza ya pembeni, akaagiza supu tupu. Mhudumu akauliza kama ni daktari aliyemkataza au ni mwanamke, akayaangalia yale maua, akamletea tortellini, tambi pana za mchuzi wa nyama na kipande cha lazanya ya kijani bila kungoja jibu. Ivo alionja tortellini akasikitika. Kijiko kimoja kinatakiwa kubeba nne. Hizi ziliingia mbili. Mama Desolina angemfunga mpishi.

Alikuwa bado anasikitika wakati mzee mwenye ndevu za kijivu na tai ya kipepeo alipopita kati ya meza. Tiziano akainuka ghafla, kitambaa chake kikatumbukia kwenye supu.

"Ijumaa, Bergonzoni," akasema mzee bila kusimama. "Saa nne kamili. Na safari hii uje."

"Nitakuja, bwana," akasema Tiziano, na uso wake ulikuwa umepauka kuliko jibini.

Shangazi akauliza huyo ni nani. Tiziano akajibu ni mtu wa kikazi, akakiopoa kitambaa. Ivo akakaribia kumeza kijiko. Yote yakajipanga kichwani mwake. Mwuza maua ana mume. Mume ana ndevu. Alhamisi mchana mume hayupo, kijana yupo. Sasa mume amejua, na Ijumaa saa nne wanakutana, bila shaka nje ya mji, wamalizane. Safari hii uje, maana safari iliyopita kijana aliingia mitini. Ivo aliandika yote haya kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini. Nadharia ilikaa sawasawa, kama nadharia zinavyokaa mtu akishiba.

Ikadumu mpaka saa tisa alasiri, walipofika chini ya mnara wa Asinelli.

Shangazi Iride aliinua kichwa mpaka kofia ikataka kumwanguka. Akauliza ngazi ngapi. Tiziano akasema mia nne tisini na nane, na akaongeza upesi kwamba ni mbao, ni nyembamba, zimelika, na kule juu kuna upepo mbaya kwa mapafu. Shangazi akasema mapafu yake yamezaliwa Trieste, upepo wanafahamiana. Twende.

"Shangazi, nisamehe," akasema Tiziano. "Goti langu."

"Goti lipi?"

"La kulia."

Asubuhi ile ile Ivo alimwona akishuka ghorofa tatu mbio na kuruka baiskeli ya jirani. Shangazi hakuwa ameona hayo, ila naye hakuzaliwa jana. Alimtazama kijana, akalitazama goti, akamkabidhi fimbo yake. "Shika basi. Mgonjwa ni wewe." Akaingia mlangoni, na kwa muda wakasikia viatu vyake vikipanda, taratibu, bila kupumzika.

Tiziano akabaki kushoto mwa mlango na fimbo. Ivo alikuwa kulia, na maua. Bawabu wa mnara, aliyekuwa akikata tiketi huku akila karanga, akamgeukia Ivo. "Nawe baba, unapanda?"

"Goti," akasema Ivo.

Neno likatoka, na akalisikia. Akasimama pale kama aliyemwagiwa maji.

Magoti ya Ivo Malaguti hayana kasoro yoyote. Hajapanda mnara ule kwa sababu ile ile inayomfanya asikatize uwanja katikati, sababu anayoijua kila mwanafunzi aliyepita chuo cha Bologna tangu enzi za babu: ukipanda mnara kabla hujahitimu, hutahitimu milele. Ukikata uwanja katikati, vilevile. Mwanafunzi atakunywa, atacheza kamari, atalala darasani, lakini mnara haupandi, na siku anapovishwa taji la majani anaupanda mbio. Ivo alianza kusoma sheria akiwa kijana. Alibakisha mtihani mmoja. Aliahirisha, kazi ikaingia, miguu ikazoea kupita pembeni mpaka hakuiona tena inavyopita. Nyani haoni kundule.

Akafungua daftari, akafuta mume, akafuta ngumi, akamfuta mwuza maua kwa heshima. Yaliyobaki yalikuwa machache na yalikuwa wazi. Kijana anakwepa uwanja. Kijana anakwepa mnara. Kila Alhamisi mchana yuko kwa mzee mwenye tai ya kipepeo, na watu wenye tai za namna ile mjini hapa ni maprofesa. Ijumaa saa nne atasimama mbele yao. Kwa maneno mengine, dottore Tiziano Bergonzoni si dottore. Ni mwanafunzi. Na Alhamisi, yaani kesho, Mama Desolina anakwenda kwa padri.

Shangazi alishuka baada ya saa nzima, mwekundu kama nyanya, akasema juu ni pazuri na watu wa chini wanaonekana vizuri sana. Akachukua fimbo yake. Akataka aiskrimu, na akataka kuuona ule ukuta unaosema.

Ukuta wenyewe uko kando ya uwanja, chini ya dari la matao: mtu akinong'ona kwenye kona, aliye kona ya mkabala anasikia kama ameambiwa sikioni, hata watu mia wakipita katikati. Shangazi alikaa kwenye benchi na aiskrimu ya kokwa, akamwamuru Tiziano atangulie kujaribu kama ukuta bado unafanya kazi. Ivo akajibanza kona ya mkabala, uso ukutani, apate kusikia kijana anaongea nini akidhani yuko peke yake.

"Bwana wa violeti," ukasema ukuta.

Ivo akayaficha maua ndani ya koti.

"Nimekuona toka sokoni. Ulikula kuliko shangazi. Nani kakutuma, mama mkwe?"

Kazi ina maadili yake. Mteja hatajwi.

"Sawa. Sikuombi uongo. Nakuomba siku mbili. Keshokutwa saa nne natetea tasnifu, saa sita nitakuwa na taji kichwani. Loretta anajua, yeye ndiye aliyenirudisha shule. Ni mama yake tu. Jioni ya kwanza kwao aliniita dottore, nami nilikuwa na tortellini mdomoni. Nikatafuna niweze kumsahihisha. Nilipomeza, alishatoka nje, ameshawatangazia majirani wa ngazi nzima." Sauti ya ukuta ikashuka. "Miaka miwili nimemeza, bwana. Na wewe, umebakisha mitihani mingapi?"

Ivo akatazama nyuma. Shangazi alikuwa akilamba kijiko.

"Mmoja," akanong'ona.

"Wa nini?"

"Sheria ya Kirumi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka uliozaliwa wewe."

Kutoka kona ile kikaja kikohozi, na Ivo akajua kijana anajitahidi asicheke.

Jioni, jikoni kwa Mama Desolina, mezani kulitandikwa shuka zima la unga, la manjano, jembamba kiasi cha kuona mbao chini yake. Bwana na bibi harusi walikuwa wametumwa kuchagua viti. Shangazi Iride alikaa pembeni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Pembeni ya meza, chini ya kitambaa, zilikuwapo kilo mbili za tortellini, na Ivo aliziona kabla hajaona watu.

"Sema," akasema Mama Desolina, akiendelea kusukuma unga kwa fimbo yake ndefu ya kusukumia.

Ivo alisema hakuna mwanamke. Hakuna kamari. Hakuna deni wala mtoto wa siri. Alhamisi inahitaji uchunguzi zaidi, na kwa kuwa mshukiwa amekula mahali saba, ingebidi arudi kuwahoji wahudumu mmoja mmoja, jambo litakalochukua mpaka Ijumaa, tuseme saa sita mchana.

"Mimi niliwaona kutoka juu," akasema Shangazi Iride, akichezesha vidole majini. "Wanaume wawili, wazima. Mmoja na fimbo yangu, mmoja na maua. Wamesimama wanautazama mlango kama mbuzi wanaotazama mvua."

Fimbo ya unga ikasimama. Mama Desolina alizaliwa mitaa miwili kutoka mnara ule. Mtu kama huyo haelezwi.

"Hajahitimu," akasema polepole. "Nimechapa kadi mia mbili. Amekaa hapa, kwenye kiti hicho, miaka miwili, ananidanganya."

Akafungua vifundo vya aproni. Ivo akaona anaelekea kwa padri jioni ile ile, na tortellini zinaelekea kusikojulikana. Akafanya alichokuwa akikiweza kuliko vyote, akahoji.

"Mama Desolina. Siku ile ya kwanza, nani alilitaja kwanza neno dottore?"

"Mimi."

"Naye alijibu nini?"

"Hakujibu. Alikuwa anakula."

"Alipomeza?"

Mama Desolina akafikiri. "Nilikuwa kwa jirani."

"Uliporudi?"

"Nilimwongezea bakuli."

"Mabakuli mangapi, kwa jumla?"

"Matatu," akasema, na sauti ikapungua. "Manne."

"Na Jumapili zilizofuata, umewahi kumwona mtu huyu mezani kwako akiwa na mdomo mtupu?"

Shangazi Iride akasema Trieste mtu huulizwa kwanza ndipo anapakuliwa. Mama Desolina akautazama unga wake kwa muda mrefu, kama vile umemsaliti. Kisha akafunga aproni upya.

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa nne kamili."

"Taji la majani nitalisuka mimi. Na asijue kwamba najua. Kesho namlisha supu tupu, aweze kusoma." Akakata kipande cha unga kwa nguvu kidogo, halafu akakiinua kisu kumwelekea Ivo. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Mimi nimewauzia wanafunzi tambi miaka arobaini, nawajua kwa vitabu vyao. Kile ulichowekea mguu wa meza ni Sheria ya Kirumi. Mwenye kuhitimu hukiuza siku ya pili."

Akazichukua zile kilo mbili, akafungua friza mbele ya macho yake, akazilaza chini kabisa, akafunga.

"Zitakungoja. Siku utakayopanda mnara, pita hapa uzichukue."

"Mama Desolina, hiyo si haki. Kazi nimeifanya."

"Nenda kanishtaki," akasema. "Ila nasikia sheria hujamaliza."

Ivo alirudi ofisini kupitia barazani, pembeni mwa uwanja, kwa miguu ile ile. Akaweka violeti ndani ya kopo la kahawa, kopo akaliweka mezani. Kisha akapiga magoti, yote mawili mazima, akakivuta kile kitabu. Meza ikainama, kopo likateleza likaanguka, maji yakasambaa mpaka mlangoni. Hakuliokota. Alikuwa ameketi sakafuni, anapuliza vumbi ukurasa wa kwanza.